Ziara ya meli au kujizururia mwenyewe bandarini?

Meli ya kitalii ikishafunga gatini una njia mbili za kutembelea mji, ulipie ziara inayoandaliwa na meli yenyewe au ushuke zako ukazurure. Ziara bei imechangamka kweli, ila basi lao likichelewa meli huwa inawasubiri. Ukienda kivyako ukachelewa, inang'oa nanga, na nauli ya kuifuata bandari ya mbele ni juu yako. Ndo maana mji ukiwa mbali, mfano bandari ya Civitavecchia kule Italia, ambako mpaka Roma ni kama kilomita 80 hivi, mi nachukua ziara tu.

Shopingi sasa, hapo ziara inaboa. Mnashushwa kwenye duka walilolichagua wao, dakika ishirini, mnasukumana foleni ya kulipia. Ukiwa mwenyewe unapita hayo maduka ya getini unaingia vichochoroni, unashika kitambaa, unataja bei yako, muuzaji anaguna, unaondoka hatua tatu nne hivi, anakuita "njoo basi chukua". Raha hiyo huipati kwenye basi!

Ila angalia saa jamani, simu inaweza kujibadilisha ikafuata saa za nchi kavu wakati meli inaondoka kwa saa zake yenyewe.