Kiwambo cha kwanza cha bastola: anza na .22

Anayenunua kiwambo cha sauti (kifaa kinachofungwa mbele ya mtutu kupunguza mlio) kwa mara ya kwanza hapa Marekani kwa kawaida humfikiria rafiki yake wa siku zote, yaani bastola aliyo nayo tayari, na bastola hiyo mara nyingi ni ya 9mm, yaani kipenyo cha risasi zake. Ushauri wangu ni kwamba, kama mfuko unaruhusu, usianzie huko. Kiwambo cha kwanza kiwe cha .22 (risasi nyembamba zaidi ya hiyo), ukifunge kwenye bastola ya .22 ambayo mtutu wake hausogei. Nitaeleza sababu, kisha nizipange chaguo nyingine kuanzia ninayoiamini zaidi. Mwongozo huu ni kwa mnaoishi kwenye majimbo ambako kitu hiki ni halali, mna haki ya kumiliki silaha, na mnataka kulenga shabaha bila kuharibu masikio.

Masikio ndiyo hoja yenyewe. Bastola ya 9mm isiyo na kiwambo hutoa mlio wa karibu desibeli 160. Mlio wa ghafla unaozidi 140 unatosha kuumiza sikio, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35 hivi. Piga hesabu uone: 9mm iliyofungwa kiwambo bado ina sauti kali, hasa ukiwa ndani ya jengo au chini ya paa la bati. Ule mlio mwembamba wa kwenye filamu haupo. Kwa hiyo vaa vizuia sauti hata baada ya kununua, na wavalishe watoto na jirani aliyesimama pembeni.

Mlio huo una vyanzo viwili. Kwanza ni gesi ya baruti inayochomoka mdomoni mwa mtutu ikiwa na shinikizo kubwa. Pili ni risasi yenyewe inapopita kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde. Kiwambo hushughulika na gesi tu: visahani vilivyopangwa ndani yake huizungusha na kuipooza kabla haijatoka. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti itapasua hewa hata ukifunga kiwambo cha bei gani. Kwa 9mm tafuta risasi nzito za greni 147 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ambazo kwa kawaida hazifikii kasi hiyo. Zile za greni 115 zilizojaa madukani kwa bei nafuu huipita. Risasi ya kawaida ya .45, ya greni 230, ni ya polepole tangu kiwandani. Na kwa .22 mambo ni mepesi zaidi, maana mtutu mfupi wa bastola huzifanya nyingi zibaki chini ya kasi ya sauti bila wewe kutafuta za aina maalumu.

Nafasi ya kwanza: kiwambo cha .22

Hapa ndipo utakaposikia tofauti kwa masikio yako mwenyewe. Bastola kama Ruger Mark IV au Browning Buck Mark ina mtutu uliokazwa kwenye mwili wa silaha, na kinachorudi nyuma ni kipande cha ndani tu. Kwa hiyo kiwambo kinafungwa moja kwa moja, hakihitaji kifaa cha kukisaidia. Nunua toleo ambalo mtutu wake umekwishakatwa hesi mbele (mafundi wengi husema thredi), na kwa .22 hesi hizo karibu zote ni za 1/2x28. Ukifyatua, utasikia kipande cha chuma kikigonga kinaporudi, kisha risasi ikigonga shabaha. Anayejifunza hashtuki, mkono hautetemeki, na mwalimu anaweza kumsemesha bila kupiga kelele. Kwa kumfundisha mwenzi au kijana wa nyumbani, sijaona kinachoshinda mpangilio huu.

Kati ya vilivyopo sokoni mimi huweka mbele Dead Air Mask 22. Gamba lake ni la titani, visahani ni vya chuma kisichoshika kutu, na chote kina gramu 187 hivi. Kinafunguka kirahisi na kinavumilia kusafishwa kwa nguvu. Rugged Oculus 22 ni mshindani wa kweli: unaweza kukitumia kikiwa kirefu, zaidi kidogo ya inchi 5, au ukaondoa sehemu moja kikabaki na inchi 3 na ushee. Kifupi kinapendeza kwenye bastola lakini kina sauti zaidi. SilencerCo Switchback 22 nacho hubadilika umbo vivyo hivyo, ila vipande vyake ni vingi, na asiyependa kuhesabu vipande mezani atakichoka.

Neno "kinafunguka" nalisisitiza. Risasi za .22 nyingi ni za risi matupu (madini ya risasi, yaani lead), hazina koti la shaba, na zina nta au grisi juu. Kila ukifyatua, ukungu wa risi na masizi hubaki ndani. Baada ya mia chache za risasi visahani huwa vimevaa ganda la kijivu, gumu, lenye kung'aa unapolikwangua. Ukiacha hadi elfu kadhaa, ganda hilo huvigandisha visahani na gamba, na hapo hata nyundo ya mbao haisaidii. Kiwambo cha .22 kisichofunguka usikinunue, hata kikiuzwa nusu bei.

Unaposafisha, vaa glavu, fanya kazi penye hewa, mbali na jiko na watoto. Kuna mchanganyiko wa siki na maji ya oksijeni ambao watu huusifia kwa kuondoa risi. Unaondoa kweli, lakini maji yanayobaki yana chumvi ya risi yenye sumu inayopenya ngozini, na hairuhusiwi kuyamwaga kwenye sinki. Visahani vya chuma kisichoshika kutu vinasafishika kwa mashine ya mawimbi ya sauti yenye maji ya sabuni. Vya alumini havitaki dawa kali, huliwa.

Nafasi ya pili: kiwambo cha 9mm kinachofupishwa

Kama una bastola moja tu, Glock 19 au mfano wake, na huna mpango wa kuongeza nyingine, basi nenda hapa. Chaguo langu ni Rugged Obsidian 9. Kikiwa kirefu kinatuliza sauti vizuri, kikiwa kifupi hakining'inii mbele ya bastola kama rungu.

Kabla ya kulipa, elewa bastola yako inavyofanya kazi. Kwenye bastola nyingi za 9mm za leo mtutu huinama kidogo na kurudi nyuma pamoja na sehemu ya juu kila unapofyatua. Ukining'iniza gramu 300 mbele ya mtutu huo, bastola haina nguvu ya kumaliza mzunguko wake: ganda linakwama, au risasi inayofuata haipandi. Dawa yake ni busta, yaani pistoni yenye springi inayokaa kitako cha kiwambo na kuutenganisha uzito na mtutu kwa kitambo kidogo, kitambo kinachotosha mtutu kurudi. Viwambo vingi vya bastola huja nayo. Vingine, hasa vya bei nafuu vilivyokusudiwa bunduki ndogo za bega kama YHM R9, unainunua kando, na bei ya nafuu inaanza kupanda. Ipake pistoni grisi kabla ya kuifunga. Ukiona risasi zinaangukia pembeni ya ulipolenga, kwenye aina nyingi unaweza kuizungusha pistoni hatua moja moja hadi zirudi katikati.

Ukihamisha kiwambo hicho kwenye silaha ya mtutu usiosogea, toa springi uweke kipande cha kuikaza. Ukiacha busta ikicheza pale unaharibu kiwambo.

Halafu kuna gharama ambazo hazimo kwenye bei ya dukani. Glock haiji na mtutu wenye hesi isipokuwa toleo maalumu, kwa hiyo ongeza mtutu mpya, kwa kawaida dola 150 hadi 250. Hesi za 9mm za Marekani ni 1/2x28, lakini bastola nyingi za Ulaya hutumia M13.5x1 inayokazwa kwa kushoto. Soma maandishi kwenye mtutu, kisha agiza pistoni inayolingana. Pia kiwambo kinene kitafunika vilengeo vya kawaida, utahitaji virefu zaidi au darubini ya nukta nyekundu.

Nafasi ya tatu: kiwambo cha .45 kutumika kwenye vyote

Rugged Obsidian 45, Dead Air Ghost 45M na SilencerCo Hybrid 46M ni vya mtu mwenye bastola za kaliba mbili au tatu anayetaka kupitia fomu za usajili mara moja tu. Tundu la .45 linapitisha 9mm bila shida, ukibadilisha pistoni basi. Gharama yake ni uzito na urefu, na kwamba 9mm ikipita kwenye tundu pana hutulia kidogo kuliko ambavyo ingetulia kwenye kiwambo chake. Kinyume chake ni hatari: usipitishe .45 kwenye kiwambo cha 9mm hata kwa kujaribu.

SilencerCo Osprey nakitaja kwa sababu moja. Umbo lake limeshushwa chini ya mstari wa mtutu, hivyo vilengeo vya kawaida vya bastola vinaendelea kuonekana. Kwa asiyetaka kugusa vilengeo vyake, hilo ni jambo la maana.

Nafasi ya mwisho: vifupi sana

SilencerCo Omega 9K, inchi 4.7 na gramu 207 hivi, ni kigumu na kinapendwa kwenye bunduki ndogo za bega. Kwenye bastola nasikia makali yake hata nikiwa nimevaa vizuia sauti. Kiwe cha pili au cha tatu.

Karatasi, na nani anaruhusiwa

Sheria ya shirikisho ya 1934 ndiyo inayoongoza mpaka leo. Kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka ule ilidumu bila kubadilika hadi sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilipoishusha kuwa sifuri kwa viwambo, kuanzia Januari 1, 2026. Kilichofutwa ni malipo tu. Usajili uko palepale: Fomu 4 ya ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha), alama za vidole, picha, kuchunguzwa, na kusubiri idhini wakati kiwambo chako kimekaa dukani. Lazima uwe na miaka 21 ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Majimbo 42 yanaruhusu. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois, Delaware, Rhode Island na Hawaii hayaruhusu, wala Washington, DC.

Kwa ndugu zetu wahamiaji, someni hapa polepole. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua kwa sheria ya shirikisho. Aliye kwa viza ya muda, ya masomo, kazi au matembezi, kwa ujumla amekatazwa kumiliki silaha, na visamaha vilivyopo ni vichache. Kwa sheria hiyo kiwambo kinahesabiwa silaha hata kikiwa peke yake ndani ya sanduku. Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini mtu ambaye si raia, hata aliyeishi hapa miaka mingi. Kama hadhi yako bado inashughulikiwa, muone wakili wa uhamiaji kabla hujaenda dukani.

Jihadharini pia na tovuti zinazouza mirija inayoitwa ya kunasa dawa ya kusafishia bunduki, au chujio za mafuta, kwa dola 40. Ikihesabiwa kiwambo kisichosajiliwa, na mara nyingi huhesabiwa, adhabu hufika miaka 10 jela. Punguzo la bei halilingani na hilo.

Uamuzi mwingine ni kusajili kwa jina lako au kwa trasti, yaani chombo cha kisheria kinachoshika mali kwa niaba ya watu waliotajwa humo. Ukisajili kwa jina lako, mke au mume wako hawezi kukichukua kwenda nacho uwanjani bila wewe kuwepo, na ukikiacha mahali anapoweza kukifikia mnajitafutia matatizo wote wawili. Trasti inawaruhusu wote waliotajwa humo kukitumia, ila kila mmoja atatoa alama za vidole na picha. Kwa wanandoa wanaolenga shabaha pamoja, napendelea trasti. Na ukisafiri kwenda nyumbani Afrika Mashariki, kibaki kwenye sefu: kukitoa Marekani bila kibali cha kusafirisha silaha nje ni kosa kubwa kabla hata hujafika forodha ya upande wa pili.

Siku ya kukifunga

Hakikisha bastola haina risasi, magazini imetoka. Tia mtutuni fimbo maalumu ya kupimia ulinganifu, kisha kaza kiwambo, utazame kwa mbele. Fimbo iwe katikati ya tundu. Ikiegemea upande mmoja, risasi inaweza kugusa kisahani cha mwisho, na kiwambo ulichosubiri kitaishia kwa risasi moja. Kaza kwa mkono hadi kikae. Kila ukimaliza magazini, geuza bastola kwenye upande salama ukiguse tena, kwa glavu maana kitakuwa cha moto: hesi hulegea kwa mitikisiko. Risasi ya kwanza itakuwa na mlio kuliko zinazofuata, kwa sababu hewa safi iliyomo ndani huungana na gesi inayowaka. Viwambo vingi vya bastola vinaruhusu kijiko kimoja cha maji au jeli ndani ili kuutuliza mlio huo, ila soma kijitabu cha mtengenezaji kwanza, na usimame mahali ambapo matone ya masizi hayatakurudia usoni.