Randa ya kombaini au mashine mbili mbalimbali?

Kwa sie tunaofanya useremala nyumbani hapa Tabora, kibanda chenyewe kidogo na mbao zetu nyingi ni mninga, swali hili si dogo kabisa. Mimi ninayo kombaini, juu meza ya kunyooshea uso wa ubao, chini thiknesa, yaani ya kuusawazisha ubao uwe na unene mmoja, zote zinatumia visu vile vile na mota moja. Kilichonivuta ni upana. Ubao wa mninga wa inchi 10 uliopinda kama propela naunyoosha upana wake wote, wakati randa ya peke yake ya bei inayoshikika mara nyingi inaishia inchi 6, hapo inabidi upasue katikati halafu uje uunge na gundi, na ile mistari ya mninga inakatika, inauma sana jamani.

Ila ukiwa na mashine mbili, randa na thiknesa kila moja peke yake, hubadilishi kitu, hapo zinaishinda kombaini yangu. Kwenye kombaini, kutoka kunyoosha kwenda kwenye thiknesa, nainua meza, nageuza mfuniko wa maranda, nazungusha mkono mpaka kipimo cha unene ninaoutaka, na ukikuta kuna ubao mmoja ulisahau kuunyoosha unarudi mwanzo, kipimo kile kile hukipati kirahisi. Kwa hiyo nanyoosha zote kwanza. Mwenye nafasi na oda nyingi achukue mbili tu.

Ila usinunue thiknesa peke yake ukadhani imetosha: rola zinaukandamiza ubao ukiwa ndani, ukitoka unapinda vile vile, mwembamba tu zaidi.