Mabaki ya matangi ya mionzi: kupima kilichomo au kinachotoka?

Hanford, eneo la Marekani lililotengeneza plutoni ya silaha za nyuklia, kuna matangi 177 ya taka za mionzi yaliyofukiwa ardhini. Tangi likishanyonywa, tope kidogo hubaki chini. Wanafunzi wa kemia hapa Tanga huuliza tope hilo lipimweje, na njia kuu ni mbili.

Ya kwanza ni kuyeyusha sampuli kwa asidi kali na kupima vyote vilivyomo: urani, kromi, tekineti-99 (metali ya mionzi). Unapata jumla, basi. Bila jumla hiyo huwezi kujua ni asilimia ngapi imetoka, lakini haikuambii kama kitu kitahama.

Ya pili ni kulowesha tope katika maji, kutikisa, kuchuja, kupima maji yale, kisha kurudia kwa maji mapya. Naipa uzito zaidi, kwani mnywaji wa maji hudhurika na kile kilichofika kisimani. Tekineti-99 iliyo katika chumvi huyeyuka upesi na kufuata maji ya ardhini. Iliyonaswa ndani ya madini ya chuma hutoka polepole mno. Nguvu yake hupungua nusu kwa takriban miaka 211,000, hivyo tofauti hiyo ni kubwa sana.

Wapimaji hutumia pia maji ya chokaa. Kwa mji wetu wa saruji, sababu yake haihitaji maelezo marefu: tangi likijazwa mchanganyiko wa saruji ili kulifunga, maji yatakayopenya humo yatabeba chokaa, na chokaa hubadili kiasi cha urani kinachotoka. Maji matupu peke yake hayaonyeshi hilo.