Nilichagua sola kwa simu, friji ikaniumbua

Kwetu Chanika umeme ukikatika jioni, juisi na maji ya dukani kwangu vinakuwa vuguvugu kabla sijafunga. Fundi wa mtaani alishaniambia nahitaji paneli nne, wala hakuuliza nawasha nini. Ndipo nikaingia kwenye tovuti ya duka moja la sola, lenye mfumo unaokupangia vifaa kulingana na matumizi yako.

Unaulizwa kimoja kimoja, kwa Kiswahili cha kueleweka. Nikajaza taa 6 za wati 7, saa 5. TV wati 50, saa 4. Feni wati 50, saa 8. Friji wati 100, na hapo mfumo wenyewe ukahesabu saa 12 tu, maana friji huwaka na kujizima. Jumla wati-saa (wati mara saa) 2,010 kwa siku, paneli mbili za wati 300. Habari ya paneli nne ikaishia hapo. Kwenye betri nikabonyeza ya asidi, aina ya N100, kwa sababu ya bei, likatokea onyo jekundu: ina wati-saa 1,200, na haifai kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo usiku ningekuwa na 600 tu. Ukanipendekezea betri ya lithiamu ya Ah (ampea-saa) 200. Nikaukubali.

Balaa lilikuwa kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Vyote vikiwaka pamoja ni wati 242, mfumo ukanipa inveta ya wati 500. Mtu ungebisha nini? Siku ya kwanza taa safi, TV safi. Nikachomeka friji: piii, piii, taa nyekundu, giza. Nikarudia mara tatu, mteja amesimama na chupa yake ya soda mkononi. Kumbe kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa, kwa muda mfupi mno, na muda huo mfumo haukuuliza habari zake.

Dada wa huduma kwa wateja alinielewa haraka WhatsApp. Akaomba picha ya kibandiko cha nyuma ya friji, wakanibadilishia inveta ya wati 1,500, nikaongeza hela. Nauli ya bodaboda ya kurudisha ile ya kwanza nililipa mwenyewe, na hiyo bado inaniuma.

Mdogo wangu wa Kibaha naye anataka sola. Nimemwambia ajaze kila kitu humo humo, ila akifika kwenye inveta asibonyeze kununua kabla hajawatumia picha ya kibandiko.