Nililala Pugu, mto ukanitangulia nyumbani

Mume wangu aliposikia nakwenda kulala msituni alicheka mpaka akashika ukuta. "Una kitanda cha tano kwa sita, una chandarua, una feni, halafu unalipa hela ukalale chini?" Nikamwambia ndiyo, wewe baki na feni yako. Nikaondoka Jumamosi asubuhi na mwanangu wa darasa la tatu na kaka yangu, tukiwa na hotpoti mbili, mtungi mdogo wa gesi na hema la kukodi ambalo nitalizungumzia, subirini.

Naishi Vingunguti, Dar es Salaam, karibu na machinjio. Anayepajua hahitaji kuelezwa hewa ya pale. Kuna vitu viwili vinavyofika mtaani kwetu na vyote vinatoka Pugu: ng'ombe wa mnadani na maji ya mto Msimbazi. Ng'ombe tunajua wanakotoka kwa sababu tunaona malori. Maji hatuyaulizi, tunayakimbia tu yakija. Ni mtoto ndiye aliyeuliza, siku moja tumesimama tunaangalia chupa za plastiki zinavyoelea: "Mama, mto huu unaanzia wapi?" Sikujua. Nimezaliwa hapahapa na sikujua. Kaka yangu ndiye aliyesema unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na kwamba siku hizi watu wanakwenda kupiga kambi kwenye msitu wa hukohuko, Pugu-Kazimzumbwi.

Kabla sijaendelea, msije mkanilaumu: Pugu si mlima. Ni vilima, havifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari. Anayetaka mlima wa kweli, wenye ukungu na baridi ya kung'ata, apande treni ya SGR mpaka Morogoro, aianze Uluguru kwa njia ya Morningside. Ila hiyo ni safari ya kupanga. Pugu ni kilomita 30 na kitu kutoka Posta, unaenda na daladala na nauli haikuumizi. Sisi tulipanda gari la Gongo la Mboto, tukashuka mwisho wa gari, tukapanda jingine la Kisarawe. Gari linapoanza kupanda baada ya Pugu Kajiungeni unahisi hewa inabadilika dirishani kabla hujauona msitu. Kaka yangu alikuwa hanyamazi: shule ile pale ndiyo Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha, akaacha kazi mwaka 1955 aishughulikie TANU. Kondakta akamwambia, "Mzee, nauli kwanza, historia baadaye."

Malipo ya kuingia na ya kulala ni ya watu wa misitu, TFS. Nilipewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu, ujumbe ukaja, kwisha. Viwango waulizeni wenyewe siku mnayokwenda, kwa sababu hubadilika, na mgeni kutoka nje halipi sawa na mwananchi. Pigeni simu mapema, msije mkajitokeza tu getini na mabegi.

Sasa hema. Nililikodi kwa watu fulani niliowaona mtandaoni, jina silitaji, maana shida yangu ni hema wala si ugomvi. Picha zilikuwa nzuri: hema la bluu, taa za kuning'inia, msichana ameshika kikombe cha kahawa. Waliniambia ni la watu wanne. Kama hao watu wanne ni watoto wa chekechea, sawa. Tulipolikunjua tukakuta fito moja imefungwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme, vigingi saba badala ya kumi na viwili, na lile turubai la juu, linalozuia mvua, halikuwemo. Nikapiga simu. "Dada, msimu huu hakuna mvua." Ilikuwa katikati ya Novemba. Mtu wa Dar anayekwambia hakuna mvua Novemba, huyo vuli hajawahi kukutana nayo.

Mzee mlinzi alikuwa ametutazama muda wote huo. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, akalizunguka lile hema mara moja kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Kisha akasema, "Mama, hili ni chandarua." Akatuonyesha pa kulisimamisha, pameinuka kidogo, akamkataza kaka yangu pale alipopapenda yeye penye nyasi laini. "Nyasi zimelala vile kwa sababu maji hupita." Ushauri ule nisingeupata kwenye mtandao wowote.

Mchana tulitembea na dada mmoja mwongozaji. Hapa ndipo hela yangu ilipokwenda vizuri kuliko mahali pengine pote. Msitu una zaidi ya hekta 7,000, na kwa macho ya mtu asiyejua ni miti tu, imesongamana, na giza chini. Yeye alikuwa anasimama kila hatua kumi. Huu mkongo. Huu mvule. Kale kamti pale, Baphia puguensis, hata jina lake la kitaalamu limetokana na Pugu. Nilishangaa kidogo kwamba mahali ninapopafahamu kwa mnada wa ng'ombe, wataalamu wa mimea wanapafahamu kwa kitu kingine kabisa.

Tulifika kwenye mapango. Hayakuchimbwa na maji, yamechimbwa na watu waliokuwa wanatafuta kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na Pugu unao mwingi sana. Wenyeji wa sasa ni popo. Harufu ya mle ndani sitaielezea, ila nilimwambia kaka yangu kwamba kwa mara ya kwanza machinjio yetu yamepata mpinzani. Tulirudi pale jioni kusubiri watoke. Kwanza anatoka mmoja, unadhani umekosea kuona. Halafu watano. Halafu mlango mzima wa pango unakuwa kama unatapika moshi, na unasikia upepo wa mabawa yao usoni. Mwanangu hakusema neno, na huyo ni mtoto ambaye huongea hata akiwa amelala.

Njiani dada alituonyesha mashimo yaliyoota majani: matanuri ya mkaa ya zamani. Msitu huu umeliwa sana na mkaa wa Dar, akasema, bila kumtazama mtu. Mimi nikatazama chini. Nyumbani nina jiko la mkaa na gunia uani, na sijawahi kumuuliza muuzaji limetoka wapi. Kambini hatukuwasha kuni, ndiyo maana nilibeba mtungi. Na ushauri wangu wa jikoni ni huu: msiende kupika. Pilau nililipika nyumbani alfajiri ya Jumamosi, nikalifunga kwenye hotpoti, na mchana lilikuwa bado linatoa mvuke ukifunua. Gesi ikatumika kwa chai tu. Walikuwepo vijana jirani zetu waliokuja na kuku mzima mbichi na kisu butu. Mpaka tunalala walikuwa bado wanamtazama.

Choo kipo, maji ni ya ndoo, nendeni na sabuni na karatasi zenu. Yatosha.

Mtoto alikuwa na swali lake na hakulisahau. Akamuuliza mwongozaji: mto wetu unaanzia wapi? Alitegemea, nadhani, bomba, au tundu kwenye mwamba. Dada akamwambia mto hauna tundu moja, una vijito vingi vinavyokutana, na akatushusha kwenye bonde moja dogo ambako maji yalikuwa yanapita chini ya majani, upana wa kanga iliyokunjwa. Masafi. Unaona mchanga chini. Mwanangu akauliza kama haya ndiyo yale ya kwetu. "Ndiyo hayahaya, yakishapita Gongo la Mboto na kwenu huko, ndiyo yanakuwa yale." Akachuma jani, akalitia majini, akaliambia, "Kamsalimie baba." Nilisogea pembeni kidogo, nikajifanya natafuta kitu kwenye begi.

Usiku usingizi haukuja upesi. Kwa masikio ya mtu aliyezoea bodaboda na muziki wa baa, ukimya wa kwanza unatisha. Kisha unagundua si ukimya. Saa nne hivi ikatoka sauti juu ya mti kama ya mtoto mchanga anayelia kwa hasira. Kaka yangu, mtu wa miaka arobaini, akanishika mkono. Ni komba. Mzee alikuja na tochi yake, akamulika, tukaona macho mawili mekundu yanaruka kutoka tawi hadi tawi. Kesho yake dada alitueleza kwamba humu yumo pia komba mdogo sana, komba wa Rondo, uzito wake gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Duniani kote anaishi kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania, na hiki ni kimoja. Hatukumwona. Lakini kulala chini ya mti ambao huenda yumo, halafu asubuhi ukashuka na daladala, mimi bado jambo hilo halijanikaa sawasawa kichwani.

Mvua ilianza saa nane usiku. Mwanzoni ilikuwa nzuri, matone juu ya majani, hayatufikii. Baada ya kama dakika ishirini majani yakaanza kumwaga yale yaliyoyashika, na hema la watu wanne lisilo na turubai likawa sufuria. Maji hayakuingia kutoka chini, namshukuru mzee. Yaliingia kutoka juu, pale penye mshono, tone, tone, tone, juu ya paji la uso la kaka yangu. Tulimfunika mtoto na kanga mbili na lile turubai la plastiki ambalo mume wangu alilitia kwenye begi kwa kejeli. Sisi wawili tukakaa tumekunja magoti mpaka alfajiri, tunakunywa chai ya tangawizi kwenye mifuniko ya hotpoti. Wale vijana wa kuku walikuja kujibanza kwetu. Tukawa watu sita ndani ya hema, na hapo ndipo nilipoona kwamba watu wanne wangeweza kutosha, mkiwa mmelowa vya kutosha.

Kulipokucha msitu ulikuwa unatoa mvuke. Kila jani linang'aa, ndege wanapiga kelele kama soko la Ilala alfajiri, na kale kabonde ketu tulipokapitia tena kalikuwa si kanga iliyokunjwa tena. Kalikuwa kanakimbia, rangi ya chai ya maziwa. Jani halikuwepo, bila shaka.

Kama unaniuliza nitarudi, nitarudi, na Julai, wakati wa kipupwe, ardhi ikiwa kavu. Msitu, mwongozaji na yule mzee, sina neno. Kwa bei tuliyolipa walistahili zaidi. Hema la kukodi sitaki kulisikia. Nimeshapata langu la mtumba soko la Karume, kwa pesa zilizozidi kidogo tu kodi ya usiku ule mmoja. Nililikunjua palepale chini mbele ya muuzaji, nikahesabu vigingi, nikamwagia maji ya chupa juu ya mshono. Alinuna, lakini aliniuzia. Nendeni na viatu vilivyofunikwa, si ndala kama kaka yangu, na tochi ya kichwani kwa kila mtu, maana choo cha usiku hakina foleni ila kina njia. Mwenye mtoto anayeuliza maswali aende naye. Asiyetaka popo asiende.

Tulirudi Jumapili mchana. Kuanzia Ukonga nikaona madimbwi barabarani na nikaanza kupata wasiwasi. Tuliposhuka na kuingia mtaani, majirani walikuwa wamesimama vikundi vikundi wanatazama upande wa mto. Msimbazi ulikuwa umejaa mpaka ukingoni, umebeba magogo, ndoo, na mlango wa mtu.

Kwetu maji yalikuwa yamefika kizingitini yakasita. Mume wangu nilimkuta sebuleni, godoro amelipandisha juu ya meza, magunia ya mchanga mlangoni, na yeye amekaa juu ya stuli, feni ameipakata.

Mwanangu akakimbia mbele yangu. "Baba, maji haya jana tulilala nayo!"

Akatutazama sote watatu, matope mpaka magotini, hotpoti mkononi. "Sasa si mngeyaacha hukohuko?"