Bomba la betri la lita 16 kwenye zabibu: zuri, ila salfa inalisumbua

Natumia bomba la mgongoni la betri, volti 12, kwenye mizabibu ya hapa Dodoma. Kwa ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu) linalishinda la mkono: presha haishuki mtu akichoka, na mkono wa pili unabaki huru kufunua majani ili dawa ifike kwenye vichala vilivyojificha ndani.

Udhaifu wake mkubwa hauandikwi kwenye boksi: halikorogi. Mengi ya mkono hutikisa dawa kila unapopampu; humu salfa ya unga, dawa ya ubwiri huo, hutuama chini, penye tundu la kunyonyea. Mistari ya mwanzo inapata dawa kali, ya mwisho karibu maji matupu, au kichujio kinaziba kabisa. Nakoroga kwanza kipimo cha lebo kwenye ndoo yenye lita 2 za maji, namimina kupitia chujio bomba likiwa nusu, najaza, kisha nalitikisa kila nikifika mwisho wa mstari. Salfa ni ya asubuhi. Joto likipita nyuzi 30 huunguza majani.

Weka nozeli (ncha ya kupulizia) ya koni. Ile bapa ni ya kiua magugu, nacho kiwe na bomba lake: masalia kidogo tu ya 2,4-D, aina ya kiua magugu, yanatosha kukunja majani ya mzabibu. Betri ikikaribia kuisha utaona koni inasinyaa na matone yanakuwa makubwa. Simama hapo hapo, usilazimishe kumaliza mstari. Na betri hizi za asidi zikilala bila chaji zinakufa mapema.

Kujua maji ya kutosha, pima mita 10 kwa 10, pulizia maji matupu. Zikienda lita 5, ekari itakula kama lita 200, yaani mabomba 12 na nusu.

Kabla hujalipa, lijaze maji dukani, livae, uiname. Likidondosha mgongoni kupitia kifuniko, liache. Hiyo kesho ni sumu kwenye ngozi. Shambani suruali iwe juu ya buti, glovu za nitraili (aina ya mpira), miwani, na barakoa yenye kichujio cha vumbi na mvuke, maana kitambaa hakitoshi. Pulizia upepo ukipeleka dawa mbali nawe. Nozeli ikiziba tumia mswaki wa zamani, kamwe usiipulize kwa mdomo. Ukimaliza, suuza mara tatu na maji hayo uyamalizie kwenye mizabibu ileile, si mtaroni.