Unbury.Me kwa wenye deni la kredit kadi Marekani: naisifia, ila kuna vitu haivioni

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaobeba deni la kredit kadi mwezi hadi mwezi, kuna tovuti inaitwa Unbury.Me, inakupigia hesabu deni litaisha lini, ni ya bure, haitaki namba ya kadi wala haikulazimishi kuiunganisha na benki, na kwangu hilo limetosha kuipa nyota nyingi, maana zana kibao za aina hii ukifungua tu zinataka pasiwedi ya benki ndo zianze hesabu. Hapa unajaza vitu vinne basi: jina la deni (andika hata "kadi nyekundu"), kiasi unachodaiwa, asilimia ya riba, na kiwango cha chini cha kulipa kwa mwezi. Vyote viko kwenye stetimenti.

Utamu wake uko pale unapopandisha kiasi cha kulipa halafu unaona mwezi wa kumaliza deni unavyosogea karibu. Chukua kadi yenye deni la dola 3,000 na riba ya 24% kwa mwaka. Ukilipa dola 90 zilezile kila mwezi, na kadi umeshaiweka kando hununui nayo kitu, utalipa kama miezi 56 na riba itakula karibu dola 2,000. Weka 150, unamaliza ndani ya miezi 26 na riba inashuka mpaka kama dola 870. Nyongeza ya dola 60 tu kwa mwezi imeokoa zaidi ya 1,100, hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu huko nyumbani jamani!

Wenye kadi mbili tatu kuna kuchagua Avalanche, inayoanza kuua deni lenye riba kubwa, au Snowball inayoanza na deni dogo. Kihesabu ya kwanza ndo inapunguza riba zaidi, ila kama wewe ni mtu wa kukata tamaa haraka ya pili inakupa moyo kwa sababu kadi moja inaisha mapema. Mimi nasimama na ya kwanza.

Sasa linganisha na apu ya benki yangu, jina silitaji. Ukienda kulipa, kiwango cha chini ndo kimewekwa juu kabisa kwa maandishi makubwa, na ukikifuata hicho kila mwezi kinashuka kadri deni linavyopungua, kwa hiyo miaka inazidi kwenda tu. Sheria ya mwaka 2009 inawabana waandike kwenye stetimenti utachukua muda gani ukilipa kiwango cha chini, na ulipe ngapi umalize kwa miaka 3. Kiboksi hicho kisomeni, tafadhali.

Haya, mapungufu ya Unbury.Me. Kikokotoo hiki kinahesabu kimwezi wakati kadi nyingi zinapiga riba kila siku, hizo 3,000 kwa 24% ni karibu dola 2 kwa siku, kwa hiyo kama mshahara unaingia kila wiki mbili gawa malipo yako, nusu yake lipa mshahara wa kwanza ukiingia na nusu nyingine mshahara unaofuata ukiingia, usisubiri tarehe ya mwisho.

Kingine, na hiki ndo kinatuumiza sisi tunaotuma hela nyumbani: ukituma kwa kredit kadi, benki nyingi zinaichukulia kama umetoa keshi. Yaani kuna ada, riba mara nyingi iko juu kuliko ya manunuzi, na inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Unbury.Me haiwezi kujua hilo, wewe mwenyewe ingiza hicho kiasi kama deni la pili lenye riba yake, hapo hesabu inakaa sawa. Na kutuma tumieni debit kadi au akaunti ya benki, nawaomba sana.

Pia ukishalipa deni lote usishangae mwezi unaofuata kuletewa bili ya dola kadhaa, ni riba ya zile siku kati ya stetimenti kutoka na hela yako kufika. Ilipe, usiipuuze.

Anayetaka hesabu zikae kwenye kompyuta yake bila intaneti, tovuti ya Vertex42 ina faili la Excel la kazi hiyohiyo, la bure linabeba madeni 10.